Dagi ya Winny

Dolphine Adongo alijua mambo yameharibika alipomwona meneja akija kwa miguu. Kipkoech hakuwa mtu wa kutembea. Penye njia ya pikipiki alipita na pikipiki, na pasipo na njia alisimama juu barabarani akapiga honi mpaka nyapara apande kumsikiliza. Asubuhi hiyo ya Jumanne aliiacha pikipiki, akateremka kati ya mistari ya chai na viatu vyake safi, kitabu cha kazi kikiwa kwapani, na hakumsalimu mtu.

Genge la Dolphine lilikuwa kwenye mteremko unaotazama upande wa Roret, watu ishirini wameinama na mapanga yao ya kupruni, yaani kupogoa chai. Kuchuma majani siku hizi ni kazi ya mashine. Watu wawili wanaishika huku na huku, inanguruma, inanyoa chai kama kinyozi mwenye haraka, na wanawake waliokuwa wakichuma kwa vidole wamerudi kwao. Lakini kupruni bado kunataka mkono wa mtu. Unakata shina chini ya kiuno, unakata mshazari ili maji ya mvua yateremke, na unaacha tawi moja lenye majani ili shina liendelee kupumua. Mashine haijui ni tawi gani la kuacha. Dolphine alijua, na kwa sababu hiyo alikuwa nyapara wa kwanza mwanamke wa genge la kupruni katika estate ya Sirwet, jambo ambalo wanaume walilinunia mwaka mzima kisha wakachoka kununa.

Kipkoech alimwuliza Winny, kibarua wa genge lake, yuko wapi. Dolphine akasema Winny yuko hospitali mjini, mimba yake ya miezi saba inamsumbua, daktari amemkataza hata kusimama. Hakuona faida ya kudanganya, maana uso wa mwulizaji ulionyesha kwamba anajua. Na kweli alijua. Jana yake alikuwa amempeleka mama yake kliniki ya macho kwenye hospitali hiyo hiyo, na kwenye veranda ya wodi Winny, akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, alimwita kwa jina, akamsalimu, akamwuliza habari za nyumbani na za ng'ombe. Binti aliyelelewa Bomet na mama mkali hawezi kumwacha mkubwa wake apite bila salamu, hata kama salamu yenyewe itamponza. Dolphine aliposikia hayo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Kipkoech akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ili genge zima lisikie. "Jumatatu. Winny Chepkirui. Yupo. Dagi moja." Akamgeuzia ukurasa. "Hii ni mwandiko yako, mama?"

"Ni yangu."

"Basi kesho saa nane uje ofisi."

Alikwisha kupanga kila kitu, na alikieleza pale pale, mbele ya watu. Dolphine angetia sahihi barua ya kukiri kwamba ameghushi kitabu. Jina la Winny lingefutwa, na nyumba yake kule laini, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi, irudishwe kufikia Jumapili, kwa sababu kibarua wa msimu akikosa kazi siku tatu mfululizo hana kazi tena, na asiye na kazi hana nyumba. Dolphine angepewa onyo na kubaki nyapara. Akikataa kutia sahihi, wangeondoka wote wawili. Tena kuanzia Alhamisi hakuna dagi. Kutakuwa na target ya mashina mia mbili kwa kila mtu, na hakuna mtu kutoka shambani kabla ya saa kumi.

Mtu asiyetoka huku huenda hajui dagi ni nini, na ni vizuri ajue, maana ndiyo kisa chote. Dagi ni kazi ya mtu mmoja ya siku moja. Katika kupruni ni mashina mia na ishirini. Ukiyamaliza saa tano, saa tano unajitwika panga lako unakwenda kufua nguo au kulima sukuma wiki nyuma ya nyumba. Ukiyamaliza saa tisa, basi saa tisa. Hakuna wa kukuharakisha wala wa kukuchelewesha. Na mtu akishikwa na ugonjwa au msiba, genge linagawana dagi yake, kila mmoja akimaliza mashina yake anakata sita ya mwenzake. Kazi inatimia, jina linabaki kitabuni. Dolphine mwenyewe alifanyiwa hivyo wiki mbili alipompeleka mumewe kuzikwa kwao Nyakach.

Kuhusu neno lenyewe, watu wa genge walibishana kila msimu. Phelix, ambaye ni Mjaluo na anajivunia, aliapa kwamba ni neno la wazee wa Nyakach. Mongina alisema ni la Kisii, na kwamba bibi yake alilitumia kabla barabara ya lami haijafika kwao. Mzee Chepyegon, aliyewashinda wote kwa umri, alilitamka taki na kusema ni la Kipsigis, liulizwe hata kule Chebunyo kwa wafugaji. Chebunyo hakuna aliyewahi kulisikia. Wote watatu walikosea, na Dolphine alijua wamekosea, lakini aliwaacha wabishane kwa sababu ubishi uliwasahaulisha mgongo.

Ukweli aliambiwa na baba yake, Opondo, aliyekuwa karani wa ofisi ya Sirwet. Enzi hizo meneja alikuwa Mskoti mmoja aliyeitwa Rintoul, ambaye watu walimwita Rintuli. Usidhani Rintuli alikuwa malaika. Alikuwa na hasira ya karibu na alimtukana kila mtu kwa usawa, mweusi kwa mweupe. Lakini wazungu wengine walipoandika kitabuni "task", yeye aliandika "darg", na siku moja Opondo alipata ujasiri akamwuliza ni Kiingereza gani hicho. Rintuli akacheka, jambo la nadra, akamwambia si Kiingereza cha shule. Ni neno la kwao Uskoti, na la wakulima wa kaskazini ya Uingereza. Zamani yalikuwa maneno mawili, siku na kazi, na watu waliyatamka kwa karne nyingi mpaka yakalika yakawa kitu kimoja kifupi. Mkulima alipima shamba kwa dagi, yaani kipande anachoweza kukilima kwa siku moja. Mwenye ardhi naye alimdai mkulima dagi kadhaa za bure kila mwaka, na hizo zilichukiwa.

Babu yake Rintuli alikuwa mchimba makaa ya mawe. Huko shimoni, alisema, neno lilipata makali. Dagi ilikuwa makaa ambayo wachimbaji wenyewe walikubaliana kwamba yanamtosha mtu kwa siku moja. Mwenye mgodi alipowabana, walipunguza dagi, wakachimba kidogo na kupanda juu mapema, na hakuna mchimbaji aliyezidisha hata karai moja. Tena kulikuwa na dagi ya mapenzi. Jirani akiugua, au akihamia shamba jipya akiwa hana kitu, wenzake walikuja na majembe na farasi wakamfanyia siku moja bila malipo. Opondo alimsimulia binti yake hayo yote jioni wakimenya mahindi, na Dolphine, akiwa na miaka kumi, alishangaa kusikia kwamba wazungu nao waliwahi kuwa vibarua.

Jumatano saa nane alikwenda ofisini akiwa amefunga kitambaa cha kichwa cha kanisani. Barua ilikuwa mezani, imepigwa chapa kwa Kiingereza, kalamu juu yake. Kipkoech alimpa kiti, akamwagizia chai, akaongea naye taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkasirisha Dolphine zaidi, maana mtu mbaya ni rahisi kumkatalia. Alisema hana ubaya naye. Wakubwa wanataka kuleta mashine za kupruni, na yeye amewaahidi mia mbili kwa mtu ili mashine zisije. Anawatetea vibarua, ila vibarua hawaoni. Wanang'ang'ania kaneno ka laini ambako hakamo hata katika kamusi.

Dolphine akamwambia kamo, atafute. Akamtajia herufi moja moja, kama alivyofundishwa na baba yake. Kipkoech alitoa simu kwa tabasamu la mtu anayemstahi mama wa watu, akaandika, akangoja mtandao. Tabasamu likapungua. Alisoma, akateremsha ukurasa, akasoma tena. Dolphine hakungoja amalize. Alimsimulia wakulima na wachimba makaa na dagi ya mapenzi, chai ikipoa.

Kipkoech alipomaliza kumsikiliza aliweka simu chini. "Sawa, mama. Lakini hii neno ni ya Scotland. Hapa ni Kericho."

"Na target ni neno ya Kericho?"

Kipkoech akaichukua kalamu mwenyewe, akaizungusha, akairudisha juu ya barua. Alisema neno ni neno, lakini uongo ni uongo, na kitabu kina uongo.

Hapo alikuwa na haki, na Dolphine alikuwa ameliwaza hilo usiku kucha. Tangu zamani manyapara wote waliandika hivyo, yupo, kwa sababu ni rahisi na hakuna aliyeuliza. Walifanya kitu cha heshima halafu wakakificha kama wezi. Aliona aibu, si kwa Kipkoech, bali kwa wale ishirini walioinama kwa ajili ya mwenzao.

"Niliandika yupo na hakuwepo," alisema. "Hiyo ni kosa yangu na naomba msamaha. Lakini mashina ilikatwa. Nenda uhesabu. Na hii barua inasema tuliiba kazi, kwa hivyo siwezi kuweka sahihi. Si leo, si kesho."

Kipkoech alimwambia afikirie miaka kumi na tisa ya kazi. Akamjibu kwamba amekuwa akiifikiria. Basi, alisema meneja, kesho atakuja mwenyewe shambani, na kitu ambacho mtu hakukifanya kwa mkono wake hakitaandikwa kwa jina lake. Dolphine akanywa chai yake ikiwa baridi, akaimaliza, kwa sababu walioichuma na kuipruni aliwajua, akaondoka.

Alhamisi ukungu ulichelewa kuondoka. Kipkoech alifika saa mbili, amevaa gamboots safari hii, akatangaza mia mbili na saa kumi. Watu waliingia mistarini. Dolphine naye alipruni, ingawa nyapara halazimiki, na mwili ulimwambia kila shina. Aliogopa. Watoto wake wawili walikuwa shule ya bweni, nyumba aliyoishi ilikuwa ya estate, na kule Nyakach shemeji zake walikwisha kugawana shamba la mumewe. Alijua vizuri anachokichezea.

Saa sita kasoro Phelix alikata shina lake la mia na ishirini, akapangusa panga kwa nyasi, akasimama wima. Kisha Mongina. Kisha mmoja mmoja, mpaka mteremko mzima ukawa watu wamesimama. Hawakuwa wamepanga. Dolphine alikuwa amewasimulia tu, jana yake jioni bombani wakiteka maji, habari za wachimba makaa, na Phelix alikasirika sana kusikia kwamba neno si la Nyakach.

Kipkoech aliwaambia bado themanini kila mtu. Mzee Chepyegon ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtoto wa ndugu.

"Kijana yangu, hii kilima ilikuwa ya babu yangu. Wasungu walichukua, wakatuachia neno moja tu, taki. Sasa wewe unataka kuchukua hata hiyo neno?"

Meneja alitazama viatu vyake. Hapo Dolphine akaona kwamba wakisimama hivyo kidogo tu zaidi, hofu itawarudia, kwa hiyo akatembea hadi mstari uliokuwa na kijiti cha jina la Winny na kukata shina la kwanza. Wakamfuata. Sita, sita, sita, mbele ya macho ya meneja, mchana peupe, bila haraka, kila mkato mshazari, kila shina na tawi lake la kupumulia. Walipomaliza alipangusa mikono kwenye lesso, akafungua kitabu juu ya goti na kuandika, akitamka kila neno kwa sauti ili asije akasemewa tena.

"Alhamisi. Winny Chepkirui. Hayupo, ni mgonjwa. Dagi moja. Imefanywa na sisi."

Akatia sahihi. Phelix akatia. Mongina akatia. Mzee Chepyegon, ambaye hakusoma, alichovya kidole gumba kwenye utomvu mweusi wa chai uliokuwa umeganda kwenye panga na kukigandamiza. Ukurasa ukajaa ishirini.

Kipkoech alikichukua kitabu. Kumfukuza hakuthubutu, lakini alisema Dolphine si nyapara tena. Alimkabidhi Phelix kitabu na kazi, na kila mtu alimtazama Phelix, kwa sababu ilijulikana kwamba ameutamani unyapara miaka mingi na hakuwahi kuficha. Aliupokea, akasema asante, na jioni hiyo mkewe alipika kuku. Dolphine alisikia harufu kutoka nyumba ya pili, akalala na njaa ya hasira.

Ijumaa saa saba mchana, mashina ya Winny yalipokwisha kukatwa, Phelix aliketi juu ya jiwe akaandika yale yale, neno kwa neno, akatia sahihi kubwa kuliko zote. Alinyang'anywa kitabu akiwa nyapara wa siku moja. Kuku alikuwa amekwisha kuliwa, alisema, huyo hawawezi kumrudisha.

Akapewa Mongina. Mongina alikataa kukishika. Wengine nao, mmoja mmoja, walikataa, mpaka Kipkoech akabaki na kitabu mkononi katikati ya watu ishirini wasio na nyapara, na nusu ya shamba bado haijapruniwa, na msimu wa mvua unakuja. Angeweza kuwafukuza wote. Lakini genge la kupruni haliokotwi barabarani, na mkono usiojua tawi la kuacha unaua chai ya miaka sitini kwa wiki moja.

Jumamosi aliita majina mwenyewe. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha na alikifunika kitabu kwa koti lake. Kila aliyeitwa aliitika na kusema dagi yake imekwisha, na yeye akaandika. Hakuitaja tena mia mbili wala saa kumi. Alipofika jina la mwisho alilisoma polepole.

"Winny Chepkirui."

"Hayupo," alisema Dolphine kutoka nyuma, mahali pa vibarua wa kawaida. "Dagi yake iko."

Kipkoech akaenda kuhesabu. Alipita shina kwa shina kwenye mvua, akiinama, akigusa kila mkato kwa kidole, na aliyemtazama aliona wazi anaomba apate mia na kumi na tisa. Genge lilingoja. Hakuna aliyemcheka, ingawa Phelix alitamani sana. Meneja alifika mwisho wa mstari, akarudi akihesabu upya, akasimama mbele yao maji yakimtiririka shingoni.

Akafungua kitabu na kuandika. Mongina, aliyekuwa karibu, alisoma kwa jicho la pembeni: hayupo, dagi moja. Jina la Winny lilibaki mahali pake, na nyumba yake kule laini ilibaki yake. Kipkoech aliinua kichwa, kalamu bado mkononi. Ilikuwa saa saba na robo. Watu walikuwa wamekwisha kujitwika mapanga yao, wanapanda kilima kwenda nyumbani.